Singida ina maji na upepo, bado tanga

Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua ya mwisho kabisa ya marathoni. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha iamue, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Simbu ni mtoto wa Ikungi. Kwa hiyo Singida, mkoa ambao mashabiki wengi wanaujua kwa Walima Alizeti, Uwanja wa Liti na timu zisizochoka kubadili majina, ndiyo iliyotoa bingwa wa dunia, tena kwenye mchezo usiojaza jukwaa hata siku moja.

Mkoa huohuo una mtaji mwingine uliolala. Mjini kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, na kule Iramba lipo Kitangiri la wavuvi. Upepo wa Singida ndio usiseme. Kwa miaka mingi umekuwa ukitajwa kwenye mipango ya kufua umeme. Kinachokosekana ni mashindano ya vijana ya mashua ndogo za tanga.

Hapa wapo watakaocheka. Mashua Singida? Si ni mambo ya wazungu wa Msasani hayo? Kicheko hicho kina sababu yake, maana klabu ya mashua ya Dar es Salaam ilianzishwa 1933, enzi za Mwingereza, na sura ya mchezo imebaki hivyo. Lakini tanga halikuletwa na Mwingereza. Waulizwe wenye ngalawa wa Unguja na Lamu, ambao wakikutana wawili tu majini, tayari ni mbio. Na mashua inayotumiwa na watoto duniani kote, Optimist, ilibuniwa Florida, Marekani, mwaka 1947 ili wazazi wa kawaida waweze kuiunda kwa plaiwudi. Ina urefu wa mita 2.3, uzito wa kilo 35, tanga moja, mtoto mmoja, na mwisho wa kuishindania ni miaka 15. Fundi seremala anayetengeneza makabati ya Singida mjini hawezi kushindwa na kitu hicho akipewa ramani.

Shabiki wa mpira akiutazama mchezo huu dakika kumi tu, atauelewa. Mashua haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Inabidi kubisha, yaani kwenda upande mmoja, kugeuza, kisha upande wa pili, mpaka kulifikia boya. Ni kama kukutana na timu iliyopaki basi: katikati hapapitiki, lazima mpira uende winga ya kushoto, urudi ya kulia. Mtoto wa miaka 11 anayaamua hayo peke yake, bila kocha wa kumpigia kelele kutoka kwenye benchi. Pointi nazo ni ligi iliyopinduliwa. Wa kwanza anapata 1, wa pili 2, wa kumi 10, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa.

Ila utamu wenyewe uko kwenye sheria. Majini refa hawezi kuwa kila kona. Mashua inayopokea upepo ubavu wa kulia ndiyo yenye haki ya njia, na anayejua kwamba amemziba mwenzake hujiadhibu mwenyewe: anazungusha mashua yake mara mbili hapohapo, huku wenzake wanampita. Akibisha, kesi inasikilizwa nchi kavu baada ya mbio na mashahidi wanaitwa. Hebu fikiria beki wa ligi yetu ananyoosha mkono na kusema, "Refa, nimeunawa." Hapa tumezoea wachezaji sita kumzonga mwamuzi kwa kosa ambalo kila mtu ameliona.

Kuna sheria nyingine inayotangulia zote: aliye hatarini lazima asaidiwe. Kwenye Olimpiki ya 1988, Mkanada Lawrence Lemieux alikuwa nafasi ya pili katika mbio mojawapo alipoona mabaharia wa Singapore wameangukia kwenye mawimbi. Akaacha mbio, akawaokoa. Waamuzi wakamrudishia nafasi yake ya pili.

Kwa wanaotaka hesabu za medali, Paris 2024 soka lilikuwa na dhahabu mbili tu, ya wanaume na ya wanawake. Mashua zilikuwa na dhahabu kumi. Tanzania ilipeleka wanamichezo saba, na hakuna hata mmoja aliyepanda mashua. Jirani yetu Msumbiji alikuwa na Deizy Nhaquile, dada ambaye tayari alikuwa ameshashindana Tokyo, peke yake kwenye mashua ya tanga moja. Msumbiji si nchi tajiri kuliko hii.

Hoja ya hatari ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Nchi iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere 2018 haina ruhusa ya kuchezea maji. Kwa hiyo kazi ianzie kwenye kuogelea. Asiyeweza kuogelea asikabidhiwe usukani, na anayeweza avae jaketi okozi vilevile. Lazima iwepo boti ya mashine ya kufuata watoto, na mtu mzima mwenye mamlaka ya kufuta mbio upepo ukizidi. Singidani halina mto wa kulitoa maji. Kina chake hupanda na kushuka na mvua, hivyo mahali pa mbio pachaguliwe na watu wanaolijua ziwa, wasiwe wageni waalikwa wa siku ya ufunguzi.

Halmashauri ya Manispaa na maofisa michezo wa mkoa hawahitaji uwanja, nyasi bandia wala taa. Likizo ya Juni, upepo wa kiangazi ukiwa umeanza kushika kasi, mashua sita zinatosha. Watoto sita wawe majini, na wengine ishirini wakae ufukweni na majaketi yao, wakisubiri kuingia kama masabu.