Homa Ikitoa Damu, Msimfiche Mgonjwa

Tangu Marburg ilipotangazwa huku Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023, mgonjwa wa homa akitokwa damu puani au kwenye ufizi, wengine hutamani kumficha ndani. Nasema wazi: hilo ni kosa.

Malaria nayo huvuruga kuganda kwa damu, na Muleba tunaijua malaria. Mlipuko wa 2006 haujasahaulika. Ndani ya damu zimo chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba mahali mshipa ulipopasuka. Malaria huzipunguza, pengine sana. Wagonjwa wengi hawatokwi damu hata hivyo. Anayetokwa, hali yake ni ya hatari.

Asipewe aspirini (ile ya dukani tuliyoizoea), maana huzidi kuzuia damu isigande. Msiiguse damu yake kwa mikono mitupu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, iwe Rubya au ya mkoa, na mwambieni muuguzi mlangoni kwamba anatoka damu. Vipimo ndivyo vitakavyosema kama ni malaria au Marburg. Ikiwa ni malaria kali, atachomwa sindano za atesuneti. Vimelea vikiisha, chembe sahani kwa kawaida huongezeka zenyewe baada ya siku chache.