Owen Lars si Mjomba

Kila nikisoma uchambuzi wa Star Wars kwa Kiswahili, Owen Lars anaitwa mjomba. Jamani! Filamu ya 2002 ilishasema wazi: ni ndugu wa kambo wa baba yake Luke. Huyo ni baba mdogo (au mkubwa, sigombani). Na huku kwetu Bukoba, baba mdogo aliyekulea ni baba, basi.

Ukishamwita hivyo, aibu ya ile filamu ya 1977 inaonekana. Askari wa Dola wanamchoma Owen na mkewe Beru palepale shambani. Luke anatazama moshi, anaondoka. Hatuonyeshwi kaburi wala matanga. Baadaye anakuja kumlilia Obi-Wan, mzee ambaye hata hakumlea!

Msiniambie vita haina muda wa kuzika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Mamia ya askari wetu waliokufa katika vita ile wamelazwa Kaboya, Muleba, kila mmoja na kaburi lake. Nenda ukasimame pale, halafu uniambie ndugu anakufa ili kijana apate sababu ya kusafiri.

Miswada ya hadithi za sayansi ninayoletewa inaiga hilohilo. Sura ya kwanza shangazi kauawa, sura ya pili kashasahaulika. Mzikeni kwanza.