Miradi ya darasani: Mzigo ulivyohamia sebuleni kwa mzazi

WAZAZI wengi wa mijini nchini Kenya wanaukumbuka mwaka wa 2021, wanafunzi wa Gredi ya Nne walipotakiwa kutengeneza sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Watoto wanaoishi ghorofani, ambao shamba huliona tu wanapopelekwa kwa nyanya likizo ya Desemba, walirudi nyumbani na agizo hilo. Baba na mama wakakesha wakishona magunia na kusaka nyasi za kujazia. Picha za sanamu hizo zilienea mitandaoni, nyingine zikiwa nadhifu kiasi kwamba ilikuwa dhahiri hazikushonwa na mtoto wa miaka kumi.

Watu walicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Septemba mwaka huohuo kesi ya kuupinga Mtaala wa Umilisi (CBC) iliwasilishwa katika Mahakama Kuu, na gharama wanazobebeshwa wazazi zilikuwa miongoni mwa malalamishi.

Mtaala huo ulioanza kutekelezwa Januari 2019 ulinuia kumtoa mwanafunzi katika mazoea ya kukariri. Mtoto ajifunze kwa kutenda, na mwalimu awe mwelekezi badala ya mhubiri. Aidha, maelekezo kwa walimu yanasisitiza vifaa vinavyopatikana kwa urahisi katika mazingira ya mtoto. Ni nadra kukutana na mzazi anayepinga azma hiyo. Kilio chao ni kwamba kazi iliyokusudiwa kufanywa darasani hufanywa sebuleni, usiku, kwa fedha za mzazi.

Zipo sababu mbili za hali hii, na zote haziko mikononi mwa mwalimu. Mosi ni idadi ya wanafunzi. Mwalimu mwenye watoto 60 katika chumba kimoja na vipindi vya nusu saa hawezi kuwasimamia wote wakikata, wakipima na kubandika. Njia rahisi ni kuwaambia wakamalizie nyumbani. Pili ni fedha. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa Sh1,420 kwa mwaka kwa muda mrefu, nao hutarajiwa kugharimia mambo chungu nzima kabla ya gundi na karatasi za manila kufikiriwa.

Hapo ndipo usawa unapopotea. Mtoto wa mtaa wa kifahari huenda saiba na mzazi wake, akachapishiwa picha za rangi na kununuliwa vifaa vyote. Mwenzake wa mtaa wa mabanda, ambaye mamake hufua nguo za watu kwa ujira wa siku, hufika shuleni mikono mitupu. Wote wawili hupimwa kwa viwango vilevile, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali na matarajio.

Hali ingekuwa nyepesi kama kazi hizo zisingekuwa na alama. Katika tathmini ya kwanza ya Gredi ya Sita, KPSEA, mwaka wa 2022, asilimia 60 ya matokeo ilitokana na tathmini za shuleni zilizoanzia Gredi ya Nne, huku mtihani wa kitaifa ukichukua asilimia 40. Mzazi anayejua kwamba mradi una alama hawezi kumwachia mtoto wake aufanye vibaya, ingawa kufanya vibaya na kurudia ndiko kujifunza kwenyewe.

Wakenya wamewahi kuipitia njia hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulisheheni kilimo, sayansikimu, sanaa na ufundi. Wazazi walichangishwa fedha za karakana. Kufikia mapema miaka ya 2000 masomo hayo ya mikono yalikuwa yameondolewa katika mtihani wa KCPE, baada ya malalamiko kuhusu gharama na wingi wa masomo.

Hata hivyo, kuna miradi inayofaulu bila kumgusa mzazi mfukoni. Chukua gunia moja la sukuma wiki lililowekwa kando ya darasa. Watoto 60 wakigawanywa katika makundi ya sita sita, kila kundi likawa na siku yake ya kunyunyizia maji, kupima urefu wa miche kwa rula na kuandika walichokiona, mradi huo utadumu majuma sita hadi manane. Hesabu, sayansi na Kiswahili vyote vimo humo. Mwalimu naye hupata nafasi ya kuwatazama watoto sita kwa siku badala ya 60 kwa mpigo, na baada ya majuma mawili huwa amelimaliza darasa zima. Chupa ya plastiki iliyokatwa hupima mvua, na vizibo vya soda hugeuka sarafu katika duka la darasani. Katika kazi za aina hii mwalimu humwona mtoto akikosea na kusahihisha, jambo ambalo sanamu iliyokamilika haliwezi kulionyesha.

Jopo la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilipendekeza mwaka wa 2023 masomo ya Gredi ya Nne hadi ya Sita yapunguzwe kutoka 12 hadi manane. Hatua hiyo huacha muda zaidi wa kazi za mikono, lakini haipunguzi idadi ya watoto darasani.

Nazo alama zingali zinahesabiwa. Katika mtihani wa kwanza wa Gredi ya Tisa, KJSEA, uliofanywa mwaka wa 2025 na watahiniwa zaidi ya milioni moja, asilimia 20 ya matokeo ilitoka katika tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane, na asilimia nyingine 20 katika KPSEA. Matokeo hayo ndiyo yaliyotumiwa kuwapeleka wanafunzi katika shule za sekondari ya juu Januari 2026. Wengi wao walikuwa wangali katika shule ya msingi mwaka ule wa sanamu za kufukuzia ndege.