Kuhubiri Nako Kuna Wakati Wake

Hivi karibuni tulikwenda kumjulia hali jamaa yetu aliyelazwa katika hospitali moja ya hapa mkoani. Muda wa kuwaona wagonjwa ni saa moja tu, na wenye wagonjwa wanaijua thamani yake. Hatujamaliza kumpa uji, likaingia kundi la ndugu wahubiri wapatao sita, wakasimama katikati ya wodi, wakaanza. Hawakuuliza hali ya mtu. Sauti zikapanda, nyimbo zikafuata, na wagonjwa wote wakatangaziwa kwamba huenda siku ile ndiyo yao ya mwisho. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye baadaye tulielezwa kuwa ni mzee wa kanisa wa miaka mingi, alijifunika shuka gubigubi.

Tunalisema jambo hili kwa uangalifu, maana sisi tumelelewa katika chuo cha Kurani, na hatakosekana wa kutuambia kwamba ya Wakristo tuwaachie Wakristo. Lakini wodi ni ya umma. Wala hatuna ugomvi na kuhubiri. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inaitambua kazi ya kutangaza dini kuwa ni huru, na papo hapo inaiita jambo la hiari. Wengi wanalikumbuka neno la kwanza na kulisahau la pili. Hiari haiwezi kuwa ya msemaji peke yake. Aliyeko barazani akichoka na maneno huinuka akaenda zake. Mgonjwa mwenye dripu mkononi aende wapi? Na abiria wa basi la Kigoma, aliyelipa nauli yake na kukaa dirishani, ateremke porini?

Ajabu ni kwamba Ukristo wenyewe haukumwagiza mtu ahubiri bila kikomo. Tumewauliza Wakristo tunaofanya nao kazi, nao wametuonyesha. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anapowatuma wanafunzi wake kumi na wawili, anawapa maagizo ya kuingia na ya kutoka pia: nyumba isiyowapokea waiache, wakung'ute mavumbi ya miguu yao, waendelee na safari. Hakuwaambia wasimame mlangoni wapaze sauti. Mtume Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, anawaeleza wake wa waume wasioamini kwamba mwenendo wao waweza kumvuta mume pasipo neno. Na wale rafiki watatu wa Ayubu, walipomkuta katika msiba wake, walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, wasiseme kitu. Hapo walikuwa wafariji kweli. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumfundisha.

Kwetu Waislamu mafunzo haya si mageni. Sura ya Al-Ghashiya inamjulisha Mtume kuwa kazi yake ni kukumbusha, na kwamba hakupewa mamlaka ya kuwashurutisha watu. (Wako ndugu zetu wa mihadhara ambao wangefanya vyema kuirudia sura hiyo kabla ya kuwasha vipaza sauti.)

Historia nayo ina la kusema. David Livingstone, yule ambaye watoto wetu wanamsoma kwa habari za Ujiji, alimbatiza mwaka 1848 Sechele, mtawala wa Wakwena, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Livingstone ameeleza katika kitabu cha safari zake, kilichotoka mwaka 1857, jinsi Sechele alivyoshangaa kuona watu wakisemeshwa tu ili waamini. Akatoa shauri: awaite wakubwa wake, washike viboko vya ngozi ya kifaru, na watu wote waamini kwa pamoja. Shauri hilo halikufuatwa. Baadaye Sechele alirudiana na mmoja wa wake aliokuwa amewaacha, akazuiwa kushiriki mezani, na Livingstone akaenda zake kaskazini. Mtu angedhani kazi imeharibika. Lakini Sechele aliendelea kusoma Biblia na kuwafundisha watu wake mwenyewe, bila Livingstone, kwa miaka mingi.

Sisi wa Chama hatuwezi kumcheka Sechele kwa viboko vyake. Wakulima walianza kuitwa katika vijiji vya Ujamaa kwa hiari. Mwaka 1973 mwito ukageuka amri, na wazee wetu bado wanasimulia nyumba zilizobomolewa. Wengi wa waliotumwa kazi ile waliamini kwa dhati kwamba wanawatendea watu mema. Ndivyo wanavyoamini na ndugu wahubiri wa wodini, na ndiyo sababu hatuwatukani.

Tunachoomba ni kidogo. Mhubiri amwulize muuguzi kwanza, kisha amwulize mgonjwa mwenyewe, na akijibiwa hapana, au asipojibiwa, aiache habari hiyo. Makondakta nao wasiwape wahubiri basi zima kwa saa nzima bila kuwauliza abiria.

Katika kundi lile alikuwamo kijana mmoja ambaye hakuimba. Alimwona mzee wa kanisa akipapasa kikombe chini ya shuka, akaweka Biblia yake dirishani, akamwinua taratibu akamnywesha maji. Wenzake walipohamia wodi ya pili yeye alibaki, na kengele ilipolia kututoa sote nje, muuguzi alipita karibu yake asimwambie kitu.