Kibaka akitoka kwa dhamana, nani anawaambia watu wa Rungwe?

Ukishuka kutoka Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, ukifika Kiwira lazima upunguze mwendo. Malori yanapakia ndizi na viazi, bodaboda wamejaa kando ya barabara, mama lishe wako kwenye majiko yao. Hela inatembea hapa kuanzia alfajiri, na penye hela inayotembea vibaka nao hawakosi.

Rungwe haina kundi lenye jina la kutisha kama Panya Road wa Dar es Salaam. Hofu ya huku ni ya pikipiki kuporwa gizani, ng'ombe wa maziwa kutoweka bandani, duka kuvunjwa usiku wa mvua na ukungu, wakati hata ukipiga kelele jirani hasikii. Huo unaitwa uhalifu mdogo, lakini kwa familia inayosomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, hakuna kidogo hapo.

Serikali imelijibu hili kwa kumsogeza polisi karibu. Mpango wa polisi jamii ulishika kasi kwenye maboresho ya Jeshi la Polisi yaliyoanza 2006, enzi za IGP Said Mwema. Miaka ya karibuni jeshi limepeleka wakaguzi wake hadi ngazi ya kata nchi nzima. Mkaguzi wa kata anatakiwa kuijua kata yake: vijiwe vyake, shule zake, wazee wake, na wale vijana ambao kila mtu anawajua lakini hakuna anayetaka kuwataja.

Ni hatua nzuri. Polisi unayekutana naye kwenye mkutano wa kijiji ni rahisi kumpigia simu kuliko yule aliyeko kituo kikubwa Tukuyu mjini.

Shida inaanza baada ya kukamata.

Chukua mfano wa kawaida. Jumatatu kijana anakamatwa na pikipiki ya wizi, wananchi wanamkabidhi polisi. Alhamisi wanamwona kijiweni anakunywa soda. Mtaa mzima unatoa hukumu palepale: katoa hela.

Inawezekana hakutoa hata shilingi. Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, na makosa mengi yana dhamana. Wizi wa kawaida una dhamana. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna, na adhabu yake ni miaka isiyopungua 30. Dhamana maana yake kesi bado ipo na mtu huyo lazima arudi mahakamani. Haina maana ameachiwa huru.

Haya nani amewaeleza watu wa Kiwira, Katumba au Masoko? Aliyekabidhi mwizi harudishiwi taarifa yoyote. Hajui kesi ina namba gani, iko mahakama ipi, itatajwa lini. Anachokijua ni kwamba aliyemkamata sasa anapita mbele ya nyumba yake na anamwangalia usoni. Kwa kweli, hata mtu mpole hapo anatetereka. Siku nyingine filimbi ikilia usiku, huyo huyo hapigi simu polisi. Anachukua fimbo, na mwingine anatafuta petroli.

Kwa miaka mingi, ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu mamia ya watu wanaouawa kwa mwaka na wananchi wanaojiita wenye hasira kali. Jina hilo lenyewe linawapunguzia uzito. Kisheria ni mauaji kama mengine, na aliyeshika fimbo akiwa na nia moja na wenzake anaweza kushtakiwa sawa na aliyewasha kiberiti. Na mara ngapi imekuja kujulikana kuwa marehemu hakuwa mwizi?

Dar es Salaam imeshaonja matokeo yake. Taharuki ya Panya Road ya Januari 2015 ilihusishwa na vijana waliotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Aliyeuawa ni mmoja, kilichorudi mtaani ni kundi zima. Mwaka 2022 Panya Road waliibuka tena, na Septemba polisi wakatangaza kuwa watuhumiwa sita wamekufa katika majibizano ya risasi. Watu wengi walishangilia. Lakini watuhumiwa wakishakufa, hakuna kesi itakayotueleza nani aliwatuma na nani alinunua mali waliyopora.

Ulinzi shirikishi nao una mipaka yake. Sungusungu walianzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, serikali ikawatambua kisheria baadaye, na vikundi vya doria sasa viko sehemu nyingi. Kazi yao ni kulinda, kukamata na kukabidhi. Kupiga wala kutoza faini za vichochoroni haimo. Kaya inachanga, kijana anakesha. Mchango ukikwama miezi miwili, mlinzi anabaki na rungu, njaa na orodha ya nyumba ambazo hazijalipa. Hapo mwenyekiti wa kijiji asiposimamia hesabu, ulinzi unageuka kero mpya.

Wanyakyusa hawahitaji kufundishwa kuhusu vijana na ulinzi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Rungwe miaka ya 1930, aliandika jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe tangu wakiwa wavulana, na ulipofika wakati wao wazee waliwakabidhi nchi kwa sherehe. Kijana alikuwa na eneo, wenzake na kazi, na kulinda ng'ombe ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Leo kijana huyo amebaki na kijiwe. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo 4 ni za vijana, ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Huwezi kuitenga na mjadala wa usalama, maana anayelipa rejesho la pikipiki yake ana sababu ya kuchukia wizi wa pikipiki.

Lakini lile pengo la baada ya kukamata linaweza kuanza kuzibwa bila kusubiri bajeti. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa pale. Mkaguzi wa kata anaweza kusimama hapo hapo akasoma na kesi: hii imefikia hapa, hii mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana na wadhamini wake ni wawili, hii imekwama.

Akisema imekwama, aseme na kwa nini. Mara nyingi ni shahidi hakutokea. Kutoka Masukulu kwenda Tukuyu ni nauli na siku nzima bila shamba, na ukifika unaambiwa kesi imeahirishwa, urudi baada ya wiki mbili.