Kigoda Nacho ni Kiti

Watumishi wa Serikali wenye kazi ya kufasiri nyaraka kutoka Kiingereza wanafahamu kwamba maneno yanayowasumbua mno si yale marefu ya kitaalamu. Hayo yana kamusi zake. Yanayowatega ni maneno mafupi ya kila siku. Mojawapo ni neno "stool", ambalo mwanafunzi wa skuli hufundishwa mapema kuwa maana yake ni kigoda.

Maana hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Katika karatasi ya hospitali neno hilo hilo ni choo kikubwa, kile kinachopelekwa maabara kupimwa. Kwa mtaalamu wa misitu ni kisiki cha mti uliokatwa kinachochipua upya. Na katika Katiba ya Ghana ya mwaka 1992 ni kiti cha jadi cha chifu, ambacho ardhi ya jamii hushikwa kwa jina lake na kwa niaba ya watu wake. Mfasiri akiandika "kigoda" kila mahali, mgonjwa atashangaa na msomaji wa sheria atapotea.

Hata hivyo, leo hatukusudii kuzungumzia makosa ya tafsiri peke yake. Neno hili lina historia ambayo sisi wa visiwani hatuna budi kuizingatia.

Hapo kale, Waingereza walipokuwa bado na mamlaka juu ya lugha yao, hilo ndilo lililokuwa neno lao la kiti chochote, hata kiti cha enzi cha mfalme. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wakubwa. Kutoka Kifaransa likaja neno "chair", nalo likapewa kila nafasi ya heshima: kiti cha askofu, kiti cha profesa, kiti cha anayeongoza mkutano. Neno la wenyeji likasukumwa chini, likawa kigoda kisicho na mgongo wala mikono. Kisha likateremka tena likawa kiti cha msalani. Na hatimaye likawa choo chenyewe. Katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, aliyetawala kuanzia mwaka 1509 hadi 1547, mtumishi aliyemhudumia mfalme msalani alikuwa na cheo rasmi kilichobeba neno hilo.

Neno lenyewe halikuwa na kosa lolote. Lilishuka kwa sababu wenyewe walizoea kuamini kwamba jambo la heshima sharti litajwe kwa lugha ya mtawala.

Tutazame sasa jinsi Waafrika walivyolitendea neno hilo hilo. Waasante wa Ghana wana Kigoda cha Dhahabu, Sika Dwa Kofi, ambacho wanaamini kimebeba roho ya taifa lao. Hakuna anayekikalia, hata mfalme wao. Mwezi Machi mwaka 1900 Gavana Frederick Hodgson alikwenda Kumasi akadai aletewe kigoda hicho akikalie. Waasante wakaingia vitani wakiongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa. Walishindwa kwa silaha na nchi yao ikatwaliwa, lakini kigoda chao Waingereza hawakukitia mkononi. Ndiyo maana neno ambalo Waingereza waliliteremsha hadi msalani limepanda tena, na kukaa katika Katiba ya nchi huru ya Afrika.

Sisi je? Lugha ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama Tanzania Bara. Pamoja na hayo yote, bado wako maofisa wetu wanaoandika kwa Kiingereza kila jambo wanaloliona zito, na kukiachia Kiswahili salamu za kufungulia mkutano. Mradi unaohusu ufukwe au bahari huandikwa kwa kurasa nyingi za Kiingereza. Kisha mvuvi huelezwa dikoni kwa maneno mawili matatu na kutakiwa aridhie. Ataridhia nini asichokisoma? Haki yake ya kukubali au kukataa imefungwa ndani ya lugha ya wengine.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo makubwa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Neno lililozoeleka jikoni, pale mama anapokuna nazi, lilikabidhiwa cheo cha juu cha elimu, nalo likakibeba vyema.

Tunawaomba wakuu wa idara zote waagize nyaraka zinazomhusu mwananchi ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, si kufasiriwa mwishoni kwa haraka. Palipo na lazima ya kufasiri, mfasiri apewe muda, aulize neno linafanya kazi gani pale lilipo, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lishirikishwe. Nasi wananchi tuache kumcheka anayesimama barazani akaeleza jambo zito kwa lugha ya mama yake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.