Kabla ya Kununua Kadi, Tufungue Sanduku

Kuna kosa moja ambalo sisi walimu hulifanya kwa nia njema kabisa. Nami nimelifanya, kwa hivyo nitajishtaki mwenyewe kabla sijamnyoshea mwingine kidole.

Katika shule ninamofundisha hapa Migori kuna tarakilishi ya mezani iliyoundwa mwaka 2012. Ni mtambo wa ofisini, wenye lile sanduku jembamba linalolazwa chini ya kiwambo, nao ulitufikia ukiwa umekwisha kutumika kwingine. Mwaka 2024 wanafunzi wa chama cha tarakilishi walitaka kujifunza kuchora nyumba na madaraja kwa Blender, programu ambayo mtumiaji halipii hata senti moja. Programu ilikataa kufunguka, ikatoa ujumbe kwamba uwezo wa picha wa mtambo ule hautoshi.

Ujumbe huo ulikuwa wa kweli. Tangu toleo la 4.0 lililotoka Novemba 2023, Blender huhitaji kiwango cha michoro kiitwacho OpenGL 4.3, ilhali sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa ya Intel ya mwaka 2012 huishia 4.0 katika Windows. Dawa ilikuwa kadi ya michoro, yaani kile kibao chenye prosesa na kumbukumbu zake chenyewe, kinachochomekwa ndani ya sanduku ili kuubebea mtambo mzigo wa picha. Hapo sikukosea. Nilikosea nilipodhani kwamba kulijua jina la dawa ni sawa na kukijua kipimo chake.

Tulichanga fedha, walimu pamoja na wazazi wachache, nami nikaagiza kadi kutoka Nairobi. Sikuwa nimelifungua lile sanduku hata mara moja. Kadi ilipowasili, wanafunzi walinizunguka kama watu wanaongoja kufunguliwa kwa zawadi. Ilikuwa ndefu na pana, ina feni mbili, inameta. Haikuingia. Na hata kama ingeingia, ilidai waya wake wa umeme wenye pini sita, na waya huo haukuwamo. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hatungeweza kupima kwanza?" Sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata niliifunga kadi ile katika gazeti, nikapanda matatu hadi Rongo, nikabadilisha gari kupitia Rodi Kopany mpaka Homa Bay, ambako rafiki yangu hufundisha somo la tarakilishi. Hakunicheka. Alinipeleka moja kwa moja hadi chumba cha mitambo, akanionyesha karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Wanafunzi wake walikuwa wameiorodhesha kila tarakilishi: mwaka wake, kumbukumbu yake, wati za kisanduku chake cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, na nafasi iliyobaki ndani, iliyopimwa kwa rula.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ulinunua kiatu bila kuutazama mguu."

Kisha akanifafanulia hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa Fizikia anaiweza. Tundu la PCI Express ambamo kadi huchomekwa hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Ule wa pini sita huongeza wati 75, wa pini nane 150. Pawa saplai ya mtambo wangu ilikuwa na wati 240 kwa shughuli zote za mtambo. Kwa sanduku la aina hiyo, kadi ifaayo ni ile ya kimo cha nusu inayotosheka na umeme wa tundu pekee. Kwa mfano, GeForce GT 1030 iliyotoka mwaka 2017 hutumia takriban wati 30 tu.

Akanieleza jambo jingine lililonifunza zaidi. Mitambo mitatu ya shule yake ilikuwa ikionyesha picha kwa kusuasua, na wanafunzi walikuwa wameshikilia kwamba zinunuliwe kadi tatu. Walipoifungua walikuta feni zimezibwa na vumbi, na kila mtambo una kijiti kimoja tu cha kumbukumbu. Mtambo usio na kadi hukopa kumbukumbu hiyohiyo kwa kazi ya picha, na vijiti viwili vinavyolingana hufanya kazi sambamba na kuipitisha data kwa kasi kubwa zaidi. Wakapangusa vumbi, wakaongeza kijiti cha pili. Hakuna kadi iliyonunuliwa, na mitambo ile ikawatosha kwa kazi waliyokuwa nayo.

Kwa bahati njema muuzaji alikubali kunibadilishia, nikapewa kadi ndogo. Ilipochomekwa, Blender ilifunguka. Aliyeichomeka alikuwa msichana yuleyule wa Kidato cha Tatu.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kumpaka mzee wanja. Kwamba mitambo hii itupwe, inunuliwe mipya. Hoja yao ina uzito, nami sitaificha. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za mwaka 2012. Hakuna kadi ya michoro inayoweza kuliondoa pingamizi hilo. Anayenunua kadi ghali akidhani ameufanya mtambo mzima kuwa mpya anajidanganya. Lakini mtambo huohuo unaweza kuwekewa mfumo wa Linux bila malipo na kuendelea kufundishia kwa usalama. Wazee wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Shule nyingi za huku kwetu hata huo msala hazijauona ukipita.

Isitoshe, kutupa nako kuna sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji jukumu la kile kinachobaki baada ya bidhaa kutumika. Tarakilishi si ganda la ndizi. Ndani yake mna risasi na madini mengine yasiyofaa kuozea karibu na visima vyetu, wala kusombwa na mvua hadi ziwani.

Hata hivyo, linalonikera zaidi si fedha wala taka. Ni kwamba tunawafundisha vijana somo la tarakilishi huku sanduku likiwa limefungwa. Mwanafunzi hukariri kwamba pawa saplai hubadilisha umeme, akaandika hivyo katika mtihani, akapata alama, na asiwahi kusoma idadi ya wati iliyochapwa ubavuni mwa ile iliyo mbele ya magoti yake. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na somo la tarakilishi ni miongoni mwa yale wanayoweza kuchagua. Umilisi hauji kwa kutazama kifuniko.

Ninapendekeza basi, kwa walimu wenzangu, tuanze na karatasi ya manila. Umeme uzimwe na waya uchomolewe ukutani, mwalimu awepo, kila mwanafunzi aguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa vibao, na pawa saplai yenyewe isifunguliwe kamwe, kwa maana hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Kisha ipimwe nafasi, zisomwe wati, ihesabiwe kumbukumbu, na iandikwe kazi ambayo mtambo umeshindwa kuifanya. Asiyeweza kuitaja kazi hiyo hana haja ya kadi bado. Na kwa wakuu wa shule, ombi la kununua kipuri lisitiwe sahihi kabla ya karatasi hiyo kufika mezani.

Kadi ile kubwa iliyometa ilirudi Nairobi. Swali la yule msichana limebaki nami hapa Migori, na sasa nimeliandika juu ya ubao wa chumba chetu cha tarakilishi, ili nilisome kabla ya wanafunzi kuniuliza tena.